Kwa Nini Mama Hufungasha Huku Akilalamika

Kaeni vizuri. Aliyekuja na njaa avumilie kidogo, na mwenye chombo cha mama yake ambacho hajakirudisha aje akae hapa mbele nimwone. Haya, naona mmehamia mbele wote. Basi tuanze.

Kulikuwa na wakati ambapo mama alifungasha chakula kimya kimya. Mtoto aliyekwisha kuota ndevu alikuja, akasalimia, akakohoa mara mbili akitazama darini, na mama akainuka bila neno. Alijaza chombo, akakifunga, akamkabidhi kwa mikono miwili na kutabasamu. Kulalamika mbele ya mtoto aliyekuja kuomba kulionekana utovu wa adabu mkubwa kuliko kuomba kwenyewe. Malalamiko yalikuwapo, msidhani wanawake wa siku zile walikuwa malaika. Yalimezwa tu.

Siku hizo, katika nchi ya mawe makubwa kusini ya ziwa, aliishi mjane mmoja aitwaye Holo. Nyumba yake ilikuwa chini ya mwamba mpana kama uwanja, na mwamba ule ndio ulikuwa jiko lake la pili. Kila baada ya mavuno ya viazi vitamu alikaa mlangoni na kisu chake, akamenya, akakata vipande vyembamba, akavipandisha mwambani kwa ungo na kuvitandaza juani. Vilikaa siku kadhaa mpaka ukivitikisa vinalia kama kokoto. Hiyo ndiyo michembe. Ukiichemsha na karanga wakati wa njaa, mtu anaweza kusahau kwamba nje hakuna kitu shambani.

Mtama wa Holo ulikaa kihengeni, lakini michembe ilitaka kibuyu. Unyevu kidogo tu, imekwisha. Ilitaka kibuyu kikubwa, kikavu, kilichofukizwa moshi ndani, kikafungwa mdomo kwa udongo na majivu. Na kibuyu hakipatikani kwa kupiga miluzi. Unakiotesha msimu mzima, unakiacha kikauke, unakiloweka, unakikwangua tumbo, unakikausha tena. Holo alikuwa navyo tisa, na hesabu yake ilikuwa hiyo hiyo kila mwaka: vibuyu tisa vilivyojaa, naye atavuka kipindi cha njaa bila kuomba kwa mtu. Kuongeza kingine hakuweza. Kwa miaka miwili mfululizo mimumunye yake ya vibuyu ilikuwa imeliwa na mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa wa mwanawe wa kwanza, Luhende, aliyewaacha kwake akisema, "Siku mbili tu, mayu, nijenge boma." Boma lilikuwa bado linajengwa.

Mwaka ninaousimulia, njaa iliingia mapema, na Luhende akaingia nayo.

"Mwadila, mayu! Nimepita tu kukusalimia."

Holo alimtazama. Mtu aliyepita tu kusalimia alikuwa amekuja na mkewe, na mkewe amekuja na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na kikapu kingine. "Karibu, baba," akasema.

Luhende alikuwa mtu mzima mwenye kipara kilichoanza mbele na kuelekea nyuma bila haraka. Alikuwa ametoa ng'ombe wake karibu wote kuoa, sasa alikuwa na mke mzuri na zizi tupu. Alikohoa. Akatazama darini. Holo akainuka.

Moyoni mwake maneno yalikuwa yamepanga foleni. Kwa nini hukulima viazi? Mbuzi wangu, maana sasa ni wangu, wamekula mimumunye mara mbili. Na huyo mkeo ana mikono miwili, nimeihesabu. Lakini adabu ya siku zile ilikuwa adabu. Akayameza, akateremsha vibuyu vitatu vilivyojaa, akawapa na kutabasamu.

Hazikupita siku nyingi akaja Minza, binti yake wa kati, aliyeolewa ng'ambo ya mto mkavu. Minza alikuwa na watoto wanne na mume anayekula kama watoto wanne wengine. Hakukohoa. Minza alikuwa anakaa tu karibu na mama yake, anaegemea bega lake kama alipokuwa mdogo, anashusha pumzi. Hiyo ilimgharimu Holo vibuyu vinne.

Mwisho akaja Jilala, kitinda mimba, mcheza ngoma. Alikuwa anajulikana vijiji saba kwa miguu yake, na katika vijiji vyote saba hakuwa na shamba.

"Mayu, sitaki kukusumbua," alisema. "Nipe tu kile utakachoona."

Holo aliona vibuyu viwili, kwa sababu ndivyo vilivyobaki. Alimpa vyote, akasimama mlangoni kumpungia mkono, kisha akarudi ndani akatazama dari. Alikaa chini, akashika tumbo. Msimu ule alikula uji mwepesi wa mtama na mlenda wa kuokota, na kila jirani aliyemwuliza mbona amepungua, alijibiwa kwamba ni kiungulia. Wala hakusema uongo. Maneno yaliyomezwa hayatulii.

Hata hivyo njaa ilipita, mvua ilikuwa nzuri, na mwaka uliofuata viazi vilitoka ardhini vinene kama ndama waliolala. Holo alikata mpaka kidole gumba kikaota sugu. Mwamba mzima ukawa mweupe kwa michembe, na alipoutazama akajiambia: mwaka huu nitakula mimi, watakula wao, na kitabaki. Ilikuwa imekauka inavyotakiwa. Kilichokosekana ni vibuyu.

Asubuhi moja aliona wingu upande wa ziwa. Lilikuwa wingu dogo, la msimu usio wake, na lilikuwa linakuja. Kwa kuwa hakuna mwana aliyekuwa amerudisha hata kizibo, Holo alijifunga kanga kiunoni — au ngozi, sijui siku hizo walifunga nini — akaenda kuvidai vibuyu vyake mwenyewe.

Kwa Luhende alivisikia kabla hajaviona. Kulikuwa na sauti ya kusukwa kwa maziwa.

"Mayu! Karibu! Umeona ng'ombe wangu amezaa?" Luhende alikuwa ameng'aa kwa furaha. "Kibuyu hiki kinasuka maziwa vizuri, sijapata kuona. Kile cha pili kina mgando."

"Na cha tatu?"

"Cha tatu ndama alikikanyaga. Lakini ndama ni mzima, usiwe na wasiwasi."

Holo aliinua kile cha mgando, akanusa. Harufu ilimpiga usoni kama mlango. Michembe ukiitia humo, utakula michembe yenye harufu ya ng'ombe mgonjwa. Alitabasamu. Alimwaga mgando, alimwaga na maziwa, akavichukua vyote viwili, akaondoka. Vilikuwa vitupu, vinanuka, wala Luhende hakuona kwamba kuna neno la kusema. Mkewe alimsindikiza mama mkwe hadi njiani kwa heshima zote, mikono yake miwili ikining'inia.

Kwa Minza watoto walikuwa wanakula. Kila mtoto alikuwa na bakuli lake la kibuyu, la duara, zuri, lililosuguliwa likang'aa. Holo alihesabu mabakuli. Manane.

"Mayu, angalia!" Minza alisema kwa fahari. "Nimevikata katikati. Kimoja kinatoa viwili! Si ulitufundisha tusitupe kitu?"

"Nilisema hivyo?"

"Kila siku! Chukua mawili basi, yako."

Holo alichukua mabakuli mawili ya vibuyu vyake mwenyewe, akashukuru. Wingu sasa lilikuwa limefika nusu ya mbingu. Akakaza mwendo kwenda kwa Jilala.

Jilala alikuwa amekaa kivulini na zeze jipya mapajani. Tumbo la zeze lilikuwa kibuyu ambacho Holo alikifahamu kwa kovu lake, kwa kuwa kovu lile alilitia yeye kwa kisu mwaka aliozaliwa huyu huyu Jilala.

"Mayu, kaa usikie! Wimbo huu nimekutungia wewe." Akapiga. Ulikuwa wimbo mzuri, mseme mnavyotaka, wa mama ambaye mikono yake haijui kufunga. Holo alisikiliza beti mbili, maana kumkatisha mtoto wimbo wako mwenyewe ni vigumu.

"Na kile kingine, baba?"

Jilala akacheka kwa haya. "Nilimpelekea mama wa yule binti ninayetaka kumwoa. Alisifu sana michembe yangu."

"Michembe yako."

"Alisema mtu anayejua kuhifadhi chakula hivi atamtunza mkewe. Sasa nitakirudiaje kibuyu? Ataniona bahili."

Hapo ndipo mvua ilipoanza.

Holo alikimbia. Alikimbia na vibuyu viwili vinavyonuka na mabakuli mawili ya wajukuu, na alipofika mwambani maji yalikuwa yanateremka yamebeba michembe kama vifuu. Aliokoa alichoweza. Alijaza kinu akakifunika kwa ungo, alijaza chungu cha kupikia, alijaza kikapu akakiningʼiniza juu ya moshi. Kilichopata pa kukaa kilikuwa kama nusu. Nusu nyingine ililala mwambani ikinyeshewa, na baada ya siku tatu ilikuwa nyeusi, ina manyoya ya ukungu, inanuka kama soksi za msafiri. Nazijua soksi hizo, nimesafiri nazo.

Mtu mwingine angeitupa. Holo aliikusanya yote, akaikausha tena jua lilipotoka, ikarudi kulia kama kokoto, akaiweka pembeni. Vibuyu viwili vya Luhende alivisugua kwa majivu na mchanga mpaka vikaacha kunuka. Akangoja.

Njaa ilipofika, safari hii walikuja wote watatu siku moja, kwa maana wingu lilikuwa limenyeshea kila mtu na hakuna aliyekuwa na akiba. Luhende alikohoa. Minza aliegemea bega. Jilala alisema hataki kusumbua. Holo akainuka kimya kama siku zote. Kwa Luhende kibuyu kimoja, kwa Minza cha pili, na kwa Jilala chungu cha zamani kilichovunjika mdomo. Akavijaza kutoka pembeni, akavifunga kwa udongo na majivu, taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga zawadi ya harusi. Akawapa kwa mikono miwili. Akatabasamu.

Walivibeba juani mwendo wote ule. Minza alipofika aliinjika maji, akatwanga karanga za mwisho alizokuwa nazo, watoto wanne wakakaa na mabakuli yao. Akavunja udongo wa mdomo wa kibuyu.

Kesho yake kabla ya jua kusimama utosini, Holo akiwa mlangoni anakata mlenda, aliwaona wote watatu wakija kwa njia moja, wamebeba vyombo vyao, wakitembea kwa hasira, Minza mbele.

"Mayu, umetupa nini hiki?"

"Michembe."

"Imeoza!"

"Naona."

"Wanangu wamelala na maji ya moto!" Minza alikitua kibuyu miguuni pa mama yake. "Ungesema huna. Ungesema tu, mayu, tungejua. Kwa nini utufungie uozo?"

Holo aliweka kisu chini. "Hiyo ndiyo iliyokosa kibuyu," alisema. "Ilikaa pale juu inakisubiri. Nilizunguka kwenu wote watatu kukitafuta, nikarudi na mabakuli. Nikasema ni haki muione, maana ni yenu."

Luhende alikohoa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kikohozi hakikumletea chochote.

Halafu Holo akafungua mdomo. Sijui ni nini kilichokatika ndani yake. Labda tumbo lilikuwa limejaa, hakuna tena mahali pa kumeza. Alianzia kwa mbuzi. Alieleza siku mbili ni siku ngapi. Alihamia kwenye boma, akalijenga kwa maneno nguzo kwa nguzo mpaka likasimama, jambo ambalo Luhende hakuwahi kulifanya. Akauliza ni mwanamke gani duniani anayekata kibuyu kizima cha mama yake katikati kisha akampa mama nusu mbili na kungoja asante. Akamgeukia Jilala, akamwuliza huyo mama wa binti anajua kwamba mkwe wake hajawahi kushika kisu cha viazi? "Michembe yako! Umemenya lini, wewe? Umeanika mwamba gani?" Na miguu inacheza vijiji saba, je, hakuna hata kijiji kimoja chenye jembe?

Aliendelea. Jua lilitoka mlangoni likahamia kihengeni, yeye anaendelea. Alikwisha kufika kwenye mambo ya utotoni, nani alivunja chungu gani, wakati Minza, aliyekuwa ameinamisha kichwa na machozi yanamtoka, alipoona kitu. Alimgusa Luhende kwa kiwiko.

Mama yao alikuwa amesimama kwenye kinu. Ungo ulikuwa umekwisha kuondolewa. Mdomo ulikuwa unagomba, lakini mikono ilikuwa imemwaga ile michembe mbovu na sasa inachota ile nzuri, nyeupe, kavu, inajaza kibuyu cha Luhende. Kikajaa. Mikono ikahamia kwenye cha Minza.

Jilala naye alikuwa na la kujitetea. Akavuta pumzi. "Lakini mayu, mimi..."

"Nyamaza, wewe," Minza alimnong'oneza. "Mwache aendelee. Hajafika kwenye chungu chako."

Jilala akanyamaza. Holo akaendelea mpaka chungu kilipojaa, hapo naye akashusha pumzi, akapangusa jasho, na akagundua kwamba kiungulia chake cha miaka yote hakipo. Alijigusa tumbo mara mbili kuhakikisha.

Siku ile walikula pamoja pale mlangoni, michembe yenye karanga, na kabla hawajaondoka aliwawekea sharti moja. "Chombo changu kirudi. Na kikirudi kisije kitupu."

"Na kama mtu hana kitu?" Jilala aliuliza, maana swali hilo lilimhusu yeye.

"Tia mkono wa mboga. Tia chumvi ya kuonja. Tia chochote, nijue kilikuwa kwa mwanangu, hakikuwa kimeokotwa njiani."

Wakatii, kwa namna yao. Luhende alileta kibuyu kina bonge la samli, na siku hiyo hiyo akawachukua mbuzi. Minza alileta karanga. Jilala, ambaye hakuwa na kitu, alileta mbegu za mimumunye alizokuwa amezitia kwenye njuga zake za ngoma. Holo alizipanda, na kwa kuwa mbuzi hawakuwapo, mimumunye ilipanda ukuta, ikapanda paa, ikateremka upande wa pili, na vibuyu vikaning'inia mpaka wageni wakawa wanagonga vichwa.

Ikaja miaka ya nafuu. Msimu mmoja Minza alikuja kuomba akiwa na mtoto mchanga mgongoni, wa tano, msichana, aliyepewa jina la Holo. Bibi alifurahi hata akasahau kila alichotaka kusema. Akajaza kibuyu, akakifunga, akampa kwa mikono miwili, akatabasamu, kimya.

Minza alikipokea. Alimtazama mama yake. Akakitazama kibuyu. Alikitikisa sikioni. Kisha akakiweka chini pale pale mlangoni, akatoa kijiti nyweleni, akaanza kuuchokonoa udongo wa mdomo.

"Unafanya nini?"

"Hapana, mayu, naangalia tu kidogo."

"Unanikagua?" Holo alishika kiuno. "Mimi? Mimi niliyekukatia viazi mpaka kidole kimekuwa kama kwato, unanichungulia kibuyu changu mlangoni kwangu? Na bakuli langu lile kubwa liko wapi? Na mumeo, bado anakula kama kwamba kesho dunia inafungwa? Mwambie kiazi hakikui chenyewe!"

Uso wa Minza ukafunguka kwa furaha. Akaurudisha udongo haraka haraka kwa dole gumba, akakipandisha kibuyu kichwani bila kuangalia tena, akaenda zake akitabasamu, huku sauti ya mama yake ikimsindikiza mpaka ng'ambo ya mto mkavu.

Na tangu siku hiyo mama hafungashi kimya. Atakujazia ndoo ya nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, maharage makavu, samaki wa moshi na kopo la achari, na wakati wote atakuwa anakueleza wewe ni mtu wa namna gani, mbele ya mwenzi wako, na wewe una mvi. Tangu siku hiyo pia chombo cha mama hakirudi kitupu. Ndiyo maana vingi havirudi kabisa. Viko kwetu, tunasubiri kupata cha kutia. Nami nina ndoo moja ya bluu, tusiizungumze. Kwa hiyo mama naye hatupi kopo, hatupi chupa, anaosha mpaka mfuko wa plastiki na kuuanika kwenye kamba, na hilo pia anakulalamikia.

Mwacheni aseme. Simameni hapo na mzigo, mitikieni "ndiyo mama" kila anapopumua, msimkatishe hata pale anapokosea majina ya wake zenu. Ila siku akikufungashia akiwa kimya, anatabasamu, usifike nyumbani. Weka ndoo chini pale pale mlangoni, fungua, uangalie.